Chakula cha Jioni Uani: Maswali ya Wasomaji

Masika yamekwisha, upepo wa kusi umeshika, na barua zilizofika mezani kwangu mwezi huu karibu zote zinauliza jambo moja, nalo ni namna ya kuwakaribisha watu nyumbani wakala nje, uani au barazani, bila ya shughuli hiyo kugeuka kuwa harusi. Nimechagua saba. Baadhi nimezifupisha, na majina ya walioziandika nimeyaacha.

Shangazi, shikamoo. Mimi na mume wangu tumehamia Kimara katika nyumba yenye ua mdogo nyuma, na tunataka kuwaalika watu 12, wengi wao wafanyakazi wenzake. Mwaka jana nilipoalika watu nilipika pilau, kuku wa kukaanga, sambusa, maharage ya nazi, chapati na saladi. Nilitoka jikoni saa 3 usiku nikiwa nimelowa jasho, na wageni wawili walikuwa tayari wanatafuta viatu vyao. Safari hii natamani nami niketi. Nipike nini, na nianze saa ngapi?
*Mama pacha, Dar es Salaam*

Marahaba, mwanangu. Jibu limo ndani ya barua yako mwenyewe. Uliandaa vyakula sita, na vinne kati ya hivyo hupoteza ladha vikipoa. Piga hesabu ya chapati peke yake: watu 12, kila mmoja chapati 2, jumla ni 24, na ikiwa kila moja hukaa chumani kwa dakika 3, basi umesimama mbele ya moto kwa zaidi ya saa nzima, na hapo hatujahesabu kukanda, kukata madonge na kusukuma. Ukizitaka sana chapati, mwagize mama anayezipika mtaani kwenu azilete saa 12 jioni zikiwa zimefunikwa. Hakuna mgeni atakayekuuliza zimepikwa na nani.

Kanuni ninayoifuata mimi ni kwamba kitu kimoja tu hupikwa mbele ya wageni, na kila kilichobaki kiwe ama kimekwisha kabla ya saa 11 jioni, ama ni cha kuliwa kikiwa baridi. Kwa ua wa nyumbani, kitu hicho kimoja kiwe mishkaki, kwa sababu mishkaki huiva haraka, huliwa kwa mkono, na harufu yake huwakaribisha watu kabla wewe hujafungua mdomo. Watu 12 watatoshwa na kilo 3 za nyama isiyo na mfupa, yaani gramu 250 kwa kila mmoja, pamoja na wali wa nazi wa mchele kilo moja na nusu ambao utaupika saa 10:30 na kuuhifadhi ndani ya hotpoti. Kachumbari ikatwe mapema lakini isitiwe chumvi wala ndimu hadi dakika ya mwisho, kwa maana chumvi huvuta maji ya nyanya na kuigeuza kachumbari kuwa supu. Ukwaju wa kunywa uchemshwe, uchujwe na kutiwa sukari tangu usiku wa kuamkia siku hiyo, ili uwe umepoa vizuri. Kwa tamu ya mwisho, matikiti na maembe yaliyokatwa yanatosha kabisa, na sioni sababu ya mtu yeyote kuoka keki siku hiyo.

Kuhusu nyama, kuna jambo moja ambalo wengi huliharibu kwa kupenda kutangulia. Papai bichi hulainisha nyama kwa kuwa lina kimeng'enya kinachovunjavunja protini, lakini kimeng'enya hicho hakijui kusimama, hivyo nyama iliyolazwa na papai usiku kucha huamka ikiwa kama uji kwa nje. Tia kijiko kimoja cha chakula cha papai lililokunwa kwa kila kilo, pamoja na tangawizi, kitunguu saumu, pilipili manga na ndimu, saa mbili tu kabla ya kuchoma, na kwa muda huo nyama ikae ndani ya friji. Ikiwa unatumia vijiti vya mbao, viloweke katika maji kwa nusu saa ili visiwake moto kabla ya nyama kuiva. Mkaa uwashwe dakika 40 kabla, na nyama isiwekwe juu yake hadi ndimi za moto ziwe zimezimika na makaa yamevaa jivu jeupe, kwani moto unaowaka huunguza mafuta ya nje na kuiacha nyama mbichi ndani. Yasukume makaa mengi upande mmoja wa jiko na uache machache upande wa pili, ili uwe na mahali pa kuchomea na mahali pa kuipumzisha nyama iliyoiva.

Jiko lenyewe mkabidhi mumeo. Atazungumza na wageni akiwa amesimama hapo, na nyama haitaungua, kwa sababu kila mwanamume atakayepita ataona ni wajibu wake kumshauri.

Sasa saa. Dar es Salaam jua halitofautiani sana kwa mwaka mzima, kwa kuwa katikati ya mwaka huzama karibu saa 12:15 jioni na mwezi wa Januari karibu saa 12:50, na giza huingia upesi, pengine nusu saa tu baada ya hapo. Waalike watu saa 11:30 ili waione njia, ngazi na nyuso za wenyeji wao kungali na mwanga. Ikiwa baadhi yao ni Waislamu, swala ya Magharibi huingia mara tu jua linapozama, kwa hiyo tenga chumba safi, maji ya kutawadhia na mswala, na uupange moto wako uwe unatulia wakati wao wanaswali. Mishkaki ya kwanza itoke saa 1 usiku. Jambo la kuhakikisha mapema ni kwamba nyama ni halali, na uwaambie wageni hivyo kabla hawajalazimika kukuuliza.

Shangazi, mimi nakaa Tanga karibu na bahari. Kila tunapokula nje, mbu hutufukuza ndani kabla ya chai. Jirani ananiambia nichome makumbi ya nazi, mwanangu anasema ninunue feni. Nani ana haki?
*Mzee wa Chumbageni*

Wote wawili, ila mwanao zaidi. Moshi wa makumbi huwapunguza mbu, na sisi tuliokulia pwani tunaujua tangu utotoni, lakini moshi mwingi wa kutosha kumfukuza mbu huwa mwingi pia wa kumtoa machozi mgeni. Makumbi yafukizwe mapema, kati ya saa 11 na saa 12, pembezoni mwa ua kule upepo unakotokea, kisha yazimwe chakula kinapoletwa. Feni ya kusimama ina faida mbili: mbu ni mrukaji dhaifu asiyeweza kushindana na upepo wake, na upepo huohuo huitawanya pumzi yetu, ambayo ndiyo humwongoza hadi tulipo. Ielekeze chini, kwenye miguu iliyo chini ya meza, kwa maana huko ndiko anakopenda kuuma.

Hata hivyo, kazi kubwa hufanywa wiki moja au mbili kabla ya siku yenyewe. Mbu anayeeneza homa ya dengi, ugonjwa uliotusumbua nchini mwaka 2014 na tena mwaka 2019, huzaliana katika maji yaliyotuama kwenye vifuu, matairi, makopo na visahani vilivyo chini ya vyungu vya maua, na humchukua wiki moja hivi kutoka yai hadi kuwa mbu kamili. Huyu huuma mchana, na huzidi saa chache kabla ya jua kuzama, yaani wakati uleule wageni wako wanapoketi. Mbu wa mifereji na vyoo, yule mwenye kelele masikioni, huja giza likishaingia, na yule wa malaria huuma zaidi usiku wa manane, ingawa hilo halina maana kwamba jioni ni salama. Kwa hiyo, zunguka ua wako leo, mwaga maji yote yaliyotuama, fanya hivyo tena wiki ijayo, na siku yenyewe weka chupa ya dawa ya kupaka ngozini mahali ambapo mgeni ataiona bila ya kuiomba. Dawa ya kuchoma ya mzunguko ikae upande wa upepo, si chini ya kiti cha mtoto. Ukiwa na mvumbasi uani, kata matawi machache uyasugue kwa kiganja na kuyatandaza kando ya mkeka. Hata pale yanaposhindwa na mbu, harufu yake ni nzuri kuliko ya dawa yoyote ya dukani.

Neno moja kuhusu taa, kwa kuwa hukuuliza lakini najua unayo ile nyeupe kali ukutani. Taa hiyo ikiwa juu ya meza, itawaleta wadudu wote wa mtaa kwenye mchuzi, na kama mvua imenyesha karibuni, utawapata na kumbikumbi pia. Taa kali iwekwe mbali, kwenye kona ya ua, na mezani pawe na mwanga hafifu wa rangi ya manjano. Chemli mbili za zamani, vioo vyake vikiwa vimesafishwa, huleta mwanga wa kutosha kuona mwiba wa samaki.

Shikamoo bibi. Tunataka kula mkekani, kwa sinia, kama tulivyozoea kwa nyanya yetu Old Town Mombasa. Lakini baba mkwe wangu ana maumivu ya magoti. Je, tumwekee meza yake?
*Mke mdogo, Mombasa*

Marahaba, mjukuu wangu. Msimwekee meza yake. Mzee aliyeinuliwa peke yake juu ya kiti wakati wengine wote wako chini atakuwa kama mgonjwa anayetazamwa. Tafuteni viti vinne vifupi na meza ndogo ya kimo cha goti, muweke sinia moja hapo, na pamoja naye waketi watu watatu wengine, awemo kijana mmoja anayependa hadithi zake. Walio mkekani wawe wanne au watano kwa kila sinia, si zaidi, la sivyo wa nyuma atanyoosha mkono hadi bega limuume. Birika na bakuli la kunawia vianze kwake, na maji yawe ya uvuguvugu, kwa sababu mafuta ya samaki wa kupaka hayatoki kwa maji baridi.

Nilialika watu 8, wakaja 15. Mmoja alikuja na shemeji yake, mwingine na watoto wa dada yake. Nilifedheheka. Nifanyeje mwakani?
*Mwalimu, Morogoro*

Mwalimu, kwetu mwaliko wa mtu mmoja ni mwaliko wa aliye naye wakati anapotoka nyumbani, na sidhani kwamba wewe au mimi tutaibadilisha desturi hiyo kwa kuandika idadi kwenye ujumbe wa simu. Kinachoweza kubadilishwa ni chakula. Kuna chakula kinachohesabika na kisichohesabika. Samaki mzima, robo ya kuku na yai la kuchemsha vinahesabika, na vikipungua kila mtu anaona. Wali, maharage, mchicha wa nazi, kachumbari na nyama iliyokatwa vipande vidogo havihesabiki, na watu 15 wakila chakula cha watu 10 kila mmoja ataona tu kwamba ameshiba kwa kiasi.

Nimejifunza hayo kwa aibu. Zamani nilichoma samaki aina ya changu, mmoja kwa kila mgeni, wote 10, na mmoja wangu, wa kimo kimoja, wamepangwa kwenye sinia kama askari. Mgeni wa kumi na moja alipobisha hodi nilimpa samaki wangu na kusema kwamba tumbo linaniuma. Kwa bahati mbaya mmoja wa wageni alikuwa tabibu wa zahanati, akamwacha samaki wake apoe na kuanza kunihoji maumivu yalianza lini, yako upande gani, na jana nilikula nini.

Kwa hiyo, pikia watu 12 unapoalika 8, na sufuria ya maharage iwe kubwa kuliko unavyodhani inafaa. Kilo moja ya maharage makavu ni gharama ndogo sana ukilinganisha na fedheha.

Shangazi, shikamoo. Baada ya chakula chetu cha nje, wali uliobaki tuliuacha sufuriani hadi asubuhi, tukaupasha moto na kuula. Familia nzima ilitapika. Mume wangu anasema ni nazi ilichacha, lakini wali haukuwa na harufu yoyote. Kosa lilikuwa wapi?
*Msomaji, Unguja*

Marahaba, na poleni sana. Nazi huchacha kweli, hasa usiku wa joto, lakini ikichacha ulimi hukuambia. Nadhani kosa lilikuwa la mchele wenyewe. Wapo vijidudu ambao mbegu zao hukaa ndani ya punje za mchele na haziuliwi na maji yanayochemka. Wali unapoachwa ukiwa vuguvugu kwa saa nyingi, mbegu hizo huamka, huzaliana na kutoa sumu, na sumu hiyo haiondoki hata wali ukipashwa moto mpaka ukatoa mvuke. Haina harufu wala ladha. Ndiyo maana kupasha kiporo hakutoshi, na kinachookoa ni kukipoza haraka.

Chakula chochote cha moto kibaki cha moto kweli, nyuzi 60 au zaidi, jambo ambalo hotpoti nzuri huliweza kwa saa chache, ama kiondolewe mezani ndani ya saa 2 tangu kilipotolewa, na katika joto la Februari ndani ya saa 1. Wali uliobaki utandazwe kwenye sinia pana ili upoe upesi, kisha uingie ndani ya friji kabla watu hawajaanza kuosha vyombo. Kama umeme umekatika na friji haifanyi kazi, wagawie wageni waondoke nao usiku uleule wakale wangali macho, au umpelekee jirani sahani.

Kwa kuwa tumefika hapo, niseme na jambo ambalo naliona karibu kila mahali nyama inapochomwa: sahani iliyobeba nyama mbichi kwenda jikoni ndiyo inayorudi na nyama iliyoiva, na damu ya kwanza ikiwa bado chini yake. Ziwe sahani mbili na koleo mbili. Kuku hasa asiharakishwe. Mkate karibu na mfupa wa paja, na ikiwa maji yanayotoka yana wekundu, mrudishe motoni, au mchemshe kidogo mapema ili jiko la mkaa limpe rangi na harufu tu. Vyakula vingine vyote vilivyo mezani vifunikwe kwa kawa, ambazo bado zinasukwa kwa ukili huko kwenu na ni nzuri kuliko vifuniko vya plastiki vinavyotoa jasho.

Sisi tunakaa ghorofa ya tatu, hatuna ua. Je, jiko la mkaa linafaa roshani?
*Wanandoa wapya, Kinondoni*

Hapana, wanangu. Cheche huruka kwenye nguo za jirani wa chini, moshi huingia kwa jirani wa juu, na siku mvua itakaponyesha mtashawishika kuliingiza jiko ndani likiwa bado na makaa mekundu. Mkaa unaoonekana kuwa umetulia ndio unaotoa ile hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na imeua watu wakiwa wamelala. Pikeni ndani kwa gesi, mlie roshani. Pweza aliyechemshwa na kukatwa, mihogo, pilipili ya ukwaju na madafu ni chakula cha jioni kizuri kwa watu wanne, na hakihitaji moto wowote nje.

Bibi, salaam kutoka Muscat. Wazazi wetu walitoka Unguja, nasi bado tunapika kama wao. Miezi ya baridi tunapenda kuwaalika jamaa bustanini, ila wageni hukaa hadi saa 7 usiku, na mume wangu huamka alfajiri kwenda kazini. Nitawaambiaje waende bila ya kuwavunjia heshima?
*Binti wa Kizanzibari, Oman*

Salaam, mwanangu. Mmechagua majira mazuri, kwa maana kuanzia Novemba hadi Machi bustani za huko zinakalika, na Julai hazikaliki hata usiku. Tena mna bahati ya kuishi mahali ambapo mishkaki huchomwa kandokando ya barabara na kuitwa kwa jina lilelile.

Usiwaambie kitu. Chakula kikishaondolewa, leta halua na kahawa chungu katika vikombe vidogo, uwamiminie kidogokidogo mpaka kila mmoja atakapotikisa kikombe chake kuonyesha kwamba ametosheka. Waache wazungumze kwa nusu saa nyingine, kwa sababu mazungumzo ya baada ya kahawa ndiyo waliyoyafuata. Kisha mume wako alete chetezo chenye udi, akipitishe kwa kila mgeni afukize nguo na kilemba, akianza na mkubwa wao. Wazee wa huko wanaifahamu maana yake vizuri kuliko mimi: udi ukishapita, mgeni hutafuta makubadhi yake.